Mwanzo Usimuliwao na Mwisho: Juu ya Vitabu vya Waanzao Taamuli ya Kibuddha

Miongoni mwa maandishi ya karne ya ishirini liko kundi moja la vitabu ambavyo kwa desturi huwekwa katika rafu za dini, na kwa sababu hiyo husomwa na wale watafutao mafunzo, wala si na wale watafutao fasihi. Ni vitabu vya watu waliokwenda Burma, Japani au India wakiwa wageni kabisa katika taamuli ya Kibuddha, wakakaa chini kwa mara ya kwanza, wakajaribu kuutuliza moyo, kisha wakarudi kwao wakaandika yaliyowapata. Katika makala haya nakusudia kuvitazama vichache kati ya vitabu hivyo kwa jicho la mhakiki. Sitauliza kama Ubuddha ni kweli au si kweli, kwani swali hilo lina wenyewe. Nitauliza jambo moja tu: mtu asimuliapo siku zake za kwanza katika kazi isiyoonekana na mtu mwingine, ni ishara gani zituonyeshazo kwamba atuambia yaliyokuwa, wala si yale aliyotamani yawe?

Swali hili si jepesi. Sisi tumezoea maandishi ya safari. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari atueleza safari yake ya Urusi na Siberia, na msomaji mwenye shaka aweza kuchukua ramani akaifuata njia ile, au akamtafuta msafiri mwingine aliyepita huko akayalinganisha maneno yao. Lakini msafiri wa ndani ya moyo hana ramani wala hana mwenzi. Akisema kwamba aliona nuru, nani atambishia? Akisema kwamba hakuona kitu, nani atamshuhudia? Kitabu cha namna hii chasimama juu ya uaminifu wa mwandishi peke yake, na uaminifu huo hauonekani katika viapo vyake bali katika namna asimuliavyo.

Tena jambo lenyewe si la rafu tu, kwani lina matokeo yake. Kijana asoma kitabu kimojawapo, akavutiwa, akaketi chumbani mwake kujaribu. Dakika kumi hazijapita, magoti yaanza kumwuma, na fikira zake zatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Ikiwa kitabu kile kilimwahidi utulivu, atasema moyoni, “Mimi sifai,” naye ataondoka. Kumbe pale alipodhani kwamba ameshindwa ndipo hasa alipokuwa ameanza. Kosa hapo si lake. Ni la mwandishi aliyeusimulia mwanzo kana kwamba ni mlango wa ikulu.

Kabla hatujavihukumu vitabu vya siku hizi, yafaa tutafute kipimo, na kipimo cha haki ni kile cha Wabuddha wenyewe. Maandiko yao ya kale ya Kipali yalihifadhiwa kwa vinywa kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa katika kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka. Mtu ayafunguaye akitazamia kuwakuta mashujaa tu atashangaa kuona jinsi yanavyojaa habari za waanzaji walioshindwa.

Mathalani, katika Udana twasoma habari za Meghiya, aliyekuwa akimtumikia Buddha. Siku moja aliona shamba la miembe kando ya mto, likampendeza, akadhani kwamba hapo ndipo mahali pa kufanyia taamuli. Akaomba ruhusa. Buddha akamwambia angoje kwanza mpaka aje mtawa mwingine, maana walikuwa wawili tu. Meghiya akaomba tena, akaomba na mara ya tatu, mwisho akaachiliwa. Basi akaenda, akakaa chini ya mti katika kivuli kizuri, naye kutwa nzima hakupata ila fikira za tamaa, na za chuki, na za ukatili. Akarudi amestaajabu. Hakukemewa, wala hakuambiwa kwamba alikosea mahali. Alifundishwa mambo matano yaukomazao moyo ambao haujakomaa, na la kwanza kati ya hayo ni kuwa na rafiki mwema. Mtungaji hakuongeza muujiza wowote mwishoni mwa kisa ili kuifuta aibu ya Meghiya. Aliiacha aibu ile mahali pake, na ndiyo maana kisa chasadikika hata leo.

Ndivyo ilivyo pia kwa Sona, mwana wa tajiri, aliyetembea huku na huku katika taamuli yake mpaka nyayo zikatoka damu, akaanza kuwaza kurudi nyumbani akale mali yake. Buddha alimwuliza juu ya ala ya nyuzi aliyokuwa akiipiga zamani: uzi ukikazwa mno walia vizuri? Na ukilegezwa mno? Kila aliyemwona mpiga udi akizungusha vigingi vyake kabla ya taarabu kuanza aijua hali hiyo bila maelezo. Katika Therigatha, diwani ya mashairi ya watawa wa kike, bibi aitwaye Sama akiri waziwazi kwamba alikaa miaka 25 katika utawa bila ya kupata utulivu wa moyo. Na Buddha mwenyewe, katika hotuba ya 36 ya Majjhima Nikaya, asimulia jinsi alivyojaribu kuizuia pumzi yake mpaka upepo ukavuma masikioni kama viriba vya mhunzi na kichwa kikamwuma vikali, asipate faida yoyote. Ndipo alipokumbuka siku moja ya utoto wake, alipoketi peke yake katika kivuli cha mti wa jamii ya mzambarau, baba yake akiwa kazini, moyo wake ukatulia bila kulazimishwa.

Twaona basi kwamba mapokeo haya hayaufichi mwanzo mbaya. Nayo yatupa kipimo chetu: msimulizi mwaminifu wa mwanzo ni yule auachaye mwanzo uwe mwanzo, asiurudie baadaye kuupaka rangi ya mwisho.

Sasa tukichukue kitabu mashuhuri kuliko vyote vya aina hii, Zen in der Kunst des Bogenschießens, kilichotolewa mwaka 1948 na Mjerumani Eugen Herrigel. Mwandishi alifundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai tangu mwaka 1924 hata 1929. Alitaka kuingia katika Zen, madhehebu ya Kibuddha yanayotilia mkazo taamuli ya kukaa, akashauriwa aanze na sanaa mojawapo ya Kijapani. Akachagua kurusha mishale, chini ya mwalimu Awa Kenzo. Kitabu ni kifupi, kimepangwa kwa ustadi, na kimesomwa katika lugha nyingi. Mwanafunzi hawezi kupumua sawasawa, hawezi kuvuta upinde bila kukaza misuli, hawezi kuuachilia uzi bila ya kutaka kuuachilia. Mwisho aambiwa kwamba si yeye arushaye mshale. “Hicho” ndicho kirushacho. Na usiku mmoja mwalimu arusha mishale miwili gizani: wa kwanza wachoma katikati ya shabaha, na wa pili wampasua wa kwanza.

Ni kisa kizuri mno, na uzuri huo ndio unipao shaka. Kila shida ya mwanzo imewekwa ili iwe ngazi ya ushindi wa baadaye. Hakuna siku hata moja iliyopotea bure. Mwaka 2001 mtaalamu wa Kijapani, Yamada Shoji, alikichunguza kitabu hiki kwa makini. Alionyesha kwamba Awa hakuwa mfuasi wa Zen, na kwamba mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi yalipita kwa mkalimani. Alionyesha kwamba usiku ule wa mishale miwili mkalimani hakuwapo, na kwamba Awa alipoulizwa na mwanafunzi wake mwingine alijibu kuwa jambo lile lilitokea kwa bahati tu. Hata lile neno kuu “Hicho,” asema Yamada, yawezekana lilizaliwa na maneno ya kawaida ya mwalimu wa Kijapani amsifuye mwanafunzi aliyefanya vema, kama sisi tusemavyo, “Ndivyo hivyo!” Ikiwa ni hivyo, basi falsafa nzima imejengwa juu ya sifa ndogo iliyosikiwa vibaya.

Tusimdhulumu Herrigel. Limo katika kitabu chake tukio moja ambalo kwa maoni yangu ni la kweli kabisa. Alipochoka kuhangaika na namna ya kuuachilia uzi, alibuni hila ya vidole, akaifanyia mazoezi wakati wa likizo, akarudi kwa mwalimu akitazamia kusifiwa. Mwalimu aliitambua hila ile mara moja, akakasirika, akakataa kuendelea kumfundisha mpaka alipoombewa na mwenzake. Hapo twamwona mwanzaji wa kweli: mtu mwenye elimu nyingi atakaye kulipata tunda bila ya kungoja mti. Laiti kitabu kingeandikwa chote kwa moyo huo! Lakini mwandishi alipendelea kuonekana kama mtu aliyeipoteza nafsi yake. Nasi twajua kwamba mtu huyo huyo alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, habari aliyoikumbusha Gershom Scholem hadharani mwaka 1961. Sisemi kwamba kitabu hupimwa kwa chama cha mtungaji. Nasema kwamba kitabu kidaicho kuwa mwandishi ameshinda ubinafsi chajiwekea deni, na hapa deni halikulipwa wala halikutajwa.

Kitabu cha pili chatoka upande mwingine kabisa. Ernest Shattock alikuwa amiri katika jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1958 alichapisha An Experiment in Mindfulness, habari za muda mfupi aliokaa katika kituo cha taamuli mjini Rangoon, kilichoongozwa na Mahasi Sayadaw. Mtawa huyo aliitwa Rangoon mwaka 1949, na njia yake ikaenea upesi kwa sababu ilikuwa wazi hata kwa mtu wa kawaida. Mwanafunzi hukaa akaangalia jinsi tumbo lake linavyopanda na kushuka kwa pumzi. Fikira ikija, huijua kuwa ni fikira, akarudi kwenye tumbo. Kisha husimama akatembea polepole, akiangalia mguu unavyoinuliwa, unavyopelekwa mbele, unavyowekwa chini. Msingi wake ni Satipatthana, hotuba ya kumi ya Majjhima Nikaya, ambayo Nyanaponika Thera, mtawa mzaliwa wa Ujerumani aliyejifunza mahali papo hapo, aliieleza kwa watu wa Magharibi katika kitabu chake cha mwaka 1954.

Shattock aandika kama afisa aandikavyo taarifa. Hana muujiza wa kutuuzia, na lugha yake ni kavu kwa kiasi kifaacho. Jina lenyewe la kitabu latuambia nia yake: aliyoyafanya ni jaribio. Hiyo ni fadhila kubwa ukimlinganisha na Herrigel, kwa maana mjaribu huandika alichokiona, hata kama kilichoonekana ni kidogo. Lakini kila chombo kina mpaka wake. Mtu ajaye na jaribio huja na swali lililokwisha tungwa, naye hungojea jibu. Na kungojea jibu ndiko hasa ambako mwanafunzi wa Mahasi aambiwa akuangalie kisha akuache. Amiri aiona miguu yake vizuri; yule afisa asimamaye nyuma akiandika matokeo, hamwoni sana. Kwa hiyo kitabu chake ni cha kuaminika, lakini ni kifupi wa kina, kama mtu aliyepima maji ya pwani akatuambia habari za bahari.

Kitabu cha tatu ndicho nikiwekacho mbele. Mwaka 1958, mwaka ule ule Shattock alipochapisha taarifa yake, kijana wa Kiholanzi aitwaye Janwillem van de Wetering alifika Kyoto akaomba kupokewa katika monasteri ya Daitokuji. Alikaa huko mwaka na zaidi. De lege spiegel, yaani “Kioo Kitupu,” kilitoka mwaka 1971. Tukitafuta ndani yake mafanikio, hatutayapata. Miguu yake ilikataa kukunjika kama ya Wajapani, na maumivu yakawa ndiyo habari kubwa ya kila kikao. Alichapwa kwa fimbo ipitishwayo kuwaamsha wenye kusinzia. Alipewa koani, yaani fumbo lisilojibika kwa akili, akatakiwa aende mbele ya mwalimu kila alfajiri na jibu lake. Akaenda, akafukuzwa kwa kengele, akaenda tena. Wiki ya kwanza ya Desemba, wakati watawa hukesha kwa kumbukumbu ya kuamka kwa Buddha, yeye alikuwa akihesabu saa. Mwisho akaondoka, na fumbo halijafumbuliwa.

Wako watakaosema kwamba hicho ni kitabu cha mtu aliyeshindwa, na kwamba afadhali The Three Pillars of Zen, alichokitoa Philip Kapleau mwaka 1965, ambamo zimo simulizi za Wajapani na watu wa Magharibi waliopata kuamka. Nakubali kwamba simulizi zile zasisimua. Lakini tutazame zilivyochaguliwa: aliyeketi akaumia akarudi nyumbani mikono mitupu hakuitwa kusimulia. Msomaji apata habari za waliovuka mto tu, akadhani kwamba mto hauna kina. Van de Wetering ni sauti ya yule aliyebaki ng'ambo ya huku, na kwa ajili ya wanafunzi wengi sauti hiyo ndiyo yenye manufaa.

Hata hivyo naye ana dosari yake. Aliandika zaidi ya miaka kumi baada ya kuondoka Kyoto, na kicheko chake kimekuwa laini mno kwa wakati. Mara kwa mara maumivu yakaribiapo kuwa huzuni, yeye hutoa kichekesho akapita. Mzaha waweza kuwa unyenyekevu, na waweza pia kuwa pazia. Lakini baada ya hapo alirudi kuanza upya katika jamii ndogo ya wafuasi huko Marekani, akaandika kitabu cha pili juu ya hayo, na jambo hilo lathibitisha kwamba mzaha wake haukuwa wa mtu aliyedharau. Mtu hawezi kurudi kwenye jambo alilolidharau.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Kwanza, Ubuddha si mgeni kabisa katika nchi zetu. Dar es Salaam liko hekalu lililoanzishwa na watu waliotoka Ceylon, na Uganda kimekuwapo kituo cha Kibuddha tangu mwaka 2005. Mwanzilishi wake, Bhante Buddharakkhita, ni Mganda aliyekwenda India mwaka 1990 kusoma, akakutana na watawa huko, naye mwenyewe akawa mtawa mwaka 2002. Kitabu chake, Planting Dhamma Seeds, chaeleza jinsi alivyorudi kwao na joho na bakuli la mtawa, na jinsi watu walivyomshangaa. Mwanzo wake ulikuwa na mzigo ambao Herrigel na Shattock hawakuubeba. Wao waliporudi makwao walikuwa wasafiri wenye hadithi ya kupendeza. Yeye aliporudi alitakiwa ajieleze mbele ya jamaa na majirani.

Pili, liko suala la lugha. Mwandishi wa Kiswahili atakapotaka kuyasimulia mambo haya, ataanza na neno gani? Wengi husema “kutafakari.” Lakini kutafakari ni kufikiri sana juu ya jambo, na mwanafunzi wa Mahasi aambiwa aione fikira, asiifuate. Neno hilo litampotosha tangu kikao cha kwanza, maana atakaa akifikiri kwa bidii, akidhani kwamba ndiyo kazi yenyewe. Mimi nimechagua “taamuli,” kwa sababu katika “kutaamali” imo bado maana ya kukiangalia kitu kwa makini. Kipali chenyewe chatumia “bhavana,” yaani kukikuza kitu kiwepo, na hapo hata “kulea” lisingekuwa mbali, kwa kuwa mche hulelewa, haulazimishwi. Na kuhusu fikira zile zilizomvamia Meghiya, sisi tunalo neno tayari. “Wasiwasi,” kabla halijawa hofu tu, lilikuwa ni mnong'ono uingiao moyoni ukamvuta mtu kando ya nia yake. Kila aliyesimama katika sala akajikuta katikati ya Fatiha akihesabu madeni yake aujua. Sisemi kwamba sala na taamuli ni kitu kimoja, la hasha. Nasema tu kwamba lugha yetu imekwisha kuishi karibu na shida hii kwa karne nyingi, wala haina haja ya kuazima maneno ya kifahari ili kuieleza.

Basi mwanafunzi akutanapo na kitabu cha namna hii, na amwulize mwandishi maswali machache. Ni siku zipi ulizozipoteza? Ni neno lipi la mwalimu wako ambalo hukulielewa, na wajuaje kwamba sasa umelielewa? Ulipoketi mara ya kwanza, ni nini kilichokuuma? Mwandishi awezaye kujibu maswali hayo bila ya kukimbilia mwisho wa safari yake astahili kusikilizwa, hata kama hakufika popote. Na yule asiyeweza, tumsome kwa ajili ya uzuri wa hadithi yake, lakini tusimpe kijana kitabu chake siku ya kwanza aketipo.